"Maji Yangu Imeenda Wapi, Kapita?"

Keza mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda kuwaaga watu wa kwaya na shangazi yako wa Nyakabiga. Kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako, hamtarudi kabla jua halijazama. Vizuri. Nimevuta ile meza ndogo hadi barazani, nimewasha redio nikaizima, nimechonga penseli kama fundi anayetaka kupima ubao, kisha nikakumbuka kwamba barua huandikwa kwa kalamu. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam. Nina saa mbili za kusema jambo lililonishinda kwa miaka kumi na miwili, na najua nikilisema kwa mdomo nitaanza kukohoa na kuulizia chai.

Barua utaikuta katikati ya kamusi yako. Juu ya bahasha nimeandika "Ifunguliwe ukishavuka mpaka." Najua mtu wangu, utaifungua kabla basi halijamaliza kupanda milima ya Bugarama. Basi soma, ila mwangalie abiria wa pembeni, maana una tabia ya kusoma huku midomo inacheza.

Sitakuambia habari za chandarua, wala dawa ya tumbo, wala kubeba mkoba kwa mbele. Mama yako ameandika karatasi mbili, mbele na nyuma, na ya tatu ameificha ndani ya kiatu. Sitakuambia pia habari za Kiswahili chako. Ukifika Dar ukasema "apana, mi siko na ile kitu" watacheka mpaka wakae chini. Waache wacheke. Mimi walinicheka Kigoma, mtoto wa mkimbizi darasa la tatu, na ndiko nilikojifunza hiki ninachoandikia barua. Wakimaliza kucheka watakusaidia.

Ninachotaka ni kukujibu. Ndani ya miezi hii miwili umeniuliza maswali matatu, na yote nimeyakwepa.

La kwanza uliniuliza mezani. Chuo kilikuwa kimekutumia kile kijitabu cha kuwakaribisha wanafunzi wapya wa uhandisi wa ujenzi na mazingira, nawe ukawa unatembea nacho hadi jikoni. Ukatusomea: barabara, madaraja, maji safi, maji machafu, udongo, taka. Mama yako akashika kiuno. "Eh, Keza! Mpaka choo nayo wanasomea?" Ukacheka, ukafungua ukurasa mwingine, ukakuta picha ya ukuta wa kuzuia udongo, na vitundu vidogo vimepangwa chini kama vifungo vya shati. Ukaniinulia macho.

"Papa, ile mukuta ya Kiriri yenye iliangukaka, mulitiaka barbakane?"

Nikakuambia ule, chakula kinapoa. Chakula chenyewe kilikuwa parachichi.

La pili lilikuwa siku niliporudi nyumbani viganja vimechubuka. Uliniuliza kapita mzima, aliyesimamia mafundi miaka ishirini, amelima wapi. Nikasema mpini wa sepetu ni mpya. La tatu ni la leo mchana. Tulipokuwa tunakula chakula chako cha kuagana, uliuliza zile lengalenga, huo mchicha wetu, tumezitoa wapi, kwa sababu za sokoni haziko hivyo. Nikasema nitakuambia. Sasa nakuambia, na kwa bahati yote matatu yana jibu moja.

Ulikuwa na miaka minane. Bwana mmoja mwenye nyumba Kiriri alinipa kazi ya ukuta. Simtaji jina, alishahama mjini siku nyingi, na barua hii si ya kumshtaki yeye. Uwanja wake ulikuwa mteremkoni, na bila ukuta ungeshuka wote mpaka bondeni, nyasi, maua na gari. Nilijenga kwa mawe, kimo cha mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Na niliujenga vizuri, Keza. Naomba uniamini hapo. Msingi ulishuka mpaka kwenye udongo mgumu, timazi haikuyumba, nyuma nilijaza kokoto, na chini nilipanga vibomba kumi na viwili vya kutolea maji. Hizo ndizo barbakane ulizoniuliza. Udongo ulioshiba maji ni mzito kuliko mtu anavyodhani, na ukikosa pa kuyatolea unasukuma. Hilo nilikuwa nalijua. Nililijua kwa mikono tangu nilipokuwa nabeba mawe, ndiyo maana sina pa kujificha.

Chini ya ukuta kulikuwa na kijumba cha matofali. Aliishi humo Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, aliyevuka mpaka na watoto watatu wakati wa vita, akawa analinda kiwanja cha mtu. Muda wote wa kazi yeye ndiye aliyetupikia maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa na matuta manne ya lengalenga pale pale miguuni pa ukuta. Na alikuwa mjanja. Chini ya vibomba vyangu alipanga madumu. Tajiri akimwagilia nyasi zake huko juu, maji yanachuja kwenye kokoto yanatokea chini safi, Mama Furaha anafulia nguo na kunyweshea mboga. Alikuwa anaviita "robine zangu," yaani mabomba yake ya maji, na ole wako fundi uguse dumu lake.

Mwezi wa kwanza, mvua zilipopumzika kidogo, yule bwana akawa anapokea wakwe. Binti yake anatolewa mahari, na ujumbe unatoka Gitega, watu wazito. Sasa, ukipanda ile kona ya mwisho kabla ya nyumba yake, kitu cha kwanza kukukaribisha ni uso wa ukuta wangu. Tulikuwa tumeupaka chokaa, na kila kibomba kilikuwa kimeshachora mchirizi wa kahawia kuelekea chini. Akaniita, akanionyesha kwa kidole.

"Kapita, ona hii. Bakwe watapita hapa. Mi sitaki mukuta yenye inakojoa mbele ya bakwe."

Mafundi wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwambia, "Patroni, bila ile mashimo mukuta itachoka."

"Ni siku moja tu. Ziba, paka chokaa. Bakwe bakienda, utafungua."

Una haki ya kuniuliza kwa nini sikukataa. Lakini unatujua. Siku ya wakwe kwetu kila kitu kinafichwa. Tunaazima viti, tunamfungia mbwa, tunamwomba mjomba anayependa kulewa aende kumwamkia mtu mkoa mwingine. Mimi mwenyewe siku ya mahari ya mama yako nilivaa viatu vya rafiki yangu vilivyonibana mpaka nikawa nakaa hata pale nilipotakiwa kusimama. Kwa hiyo ombi la baba mwenye binti nililiona la kawaida kabisa. Na nikuambie na lile la ndani zaidi: nilitaka wakwe wausifu ukuta wangu. Nikachanganya saruji na mchanga, nikaziba vibomba vyote kumi na viwili kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia fundi yeyote, nikapaka chokaa. Ukawa mweupe pe. Wakwe walikuja, wakausifu, na nilifurahi kama mtoto. Nikasema nitazibua Jumatatu.

Jumatatu ile niliitwa Rohero kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Jumatatu ya pili tindo langu lilikuwa limeazimwa. Jumatatu ya tatu sikumbuki kulikuwa na nini. Kazi ya nyundo na tindo, Keza. Kazi ya saa moja.

Na nilionywa. Siku moja katikati ya hizo Jumatatu nilipita pale kuchukua mbao zangu. Mama Furaha akanisimamisha, dumu tupu mkononi.

"Kapita, maji yangu imeenda wapi?"

"Maji yako?" nikamtania. "We uko na kiwanda ya maji siku hizi?"

"Apana, usicheke. Kila siku ilikuwa inatoka. Sasa haitoki. Na huko juu banamwangilia kila asubui, mi nabasikia. Ile maji inaenda wapi?"

Nikamwambia asubiri mvua, atapata maji mpaka achoke. Nikapakia mbao nikaondoka.

Nimefanya kazi na mainjinia wengi, wenye kofia nyeupe na michoro mikubwa inayohitaji watu wawili kuishika. Wengine walinifundisha mengi na ninawaheshimu. Lakini sijawahi kusikia swali la kihandisi zuri kuliko la mwanamke yule mwenye dumu. Alikuwa amepima. Alijua kiasi kinachoingia juu, alijua kiasi kilichokuwa kinatoka chini, akaona hesabu haifungi, akamwendea mhusika. Mhusika akamtania.

Mwezi wa tatu mvua ilianza Ijumaa ikanyesha usiku na mchana. Jumapili asubuhi ukuta ulilala. Ulianguka mzima kuelekea chini, ukakifunika kile kijumba na matuta yote manne. Mama Furaha na watoto wake watatu walikuwa kanisani. Hakuna aliyeumia. Naandika tena, kwa sababu kila nikifika hapa nahitaji kulisikia: hakuna aliyeumia. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa asubuhi ile, nusura aachwe kitandani, akalia mpaka akachukuliwa.

Nilikupeleka kuona kesho yake, labda kwa sababu sikuthubutu kwenda peke yangu. Ulisimama ukayatazama yale mawe muda mrefu, kisha ukasema utakuwa mkubwa ujenge ukuta usioanguka. Watu wakacheka, wakakusifu. Mwaka huu ukayaandika maneno yale kwenye barua ya kuomba nafasi chuoni, ukanisomea, ukamalizia kwamba ulipata wito wako siku ambayo mvua ilibomoa ukuta wa baba yako. Mvua! Nilitoka nje nikajifanya nakagua geti. Geti halikuwa na kasoro yoyote.

Bado sijafika kwenye baya lenyewe. Ukuta kuanguka lilikuwa kosa. Kilichofuata ni kingine.

Shefu wa mtaa alituita pale pale kwenye mawe, siku ya tatu. Tajiri alikuja na miwani yake. Akasema ukuta umeangushwa na Mama Furaha, kwamba alichimba miguu ya ukuta kwa jembe lake, akaharibu msingi kwa ajili ya mboga. Jembe, Keza! Jembe linaingia kiasi cha kiganja, na msingi wangu ulikuwa umekwenda chini kuliko kimo chako wakati huo. Shefu hakuwa fundi. Akanigeukia mimi.

"Kapita, we njo ulijenga. Inaweza kuwa ni bustani?"

Mama Furaha alikuwa amesimama upande wa kushoto, amevaa kitenge kile kile cha Jumapili kwa sababu hakuwa na kingine tena. Alinitazama. Hakuwa ananisihi, alikuwa anasubiri kujua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua mambo ya kuta.

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja tu. Yule mama akaweka mkono kifuani, akamgeukia tajiri akaomba msamaha. "Kama ni mimi, munisamehe. Sikujua." Alimwomba msamaha mtu aliyemharibia nyumba, mbele yangu mimi niliyeharibu, kisha akafunga alivyovikuta vizima katika shuka, akachukua watoto akaondoka. Tajiri aliniita tena kujenga upya. Niliujenga, nikaweka vibomba ishirini na vinne, na hakuna aliyethubutu kuniambia habari za chokaa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, tulitia barbakane. Kisha nikaziziba.

Tangu hapo swali la Mama Furaha limeniganda. Mnanicheka nyumbani kwamba nikitembea naangalia chini kama niliyedondosha ufunguo. Natafuta maji yalikoenda. Hapa mtaani kwetu Bwiza naangalia mfereji uliojaa chupa na mifuko, najiuliza mvua ya leo itapita wapi, na jibu linakuja jioni sebuleni kwa mtu. Nikienda kwenye mto Ntahangwa naona korongo linavyokula nyumba moja moja ukingoni. Watu wanalaumu mto. Ukitazama juu, vilima vyote vimepata mabati na lami, na kila bati linatupa maji kwa jirani wa chini. Nimesuka nyavu nyingi za waya nikazijaza mawe kushika kingo za mito hii, na kila mwaka tunazisogeza nyuma kidogo, tukimwachia mto alichochukua.

Ndiyo maana kijitabu chako kilinifurahisha, hata kama nilijifanya nakula. Sisi mafundi tulijifunza ukuta peke yake, barabara peke yake, mfereji peke yake, na kila mtu alimaliza kazi yake akamtumia wa chini matatizo. Ninyi wanawaanzishia na vyote pamoja, udongo na maji na uchafu na watu. Kile kitabu kinaviita miundombinu. Mimi nasema ni jirani wa juu na jirani wa chini. Na mama yako asikutishe, somea na choo. Nimeona kipindupindu kikiingia mtaani mwaka ambao mabomba yalipasuka, nimeona watoto wakibebwa kwa mikokoteni. Anayejua kutenganisha maji ya kunywa na maji ya choo, huyo mimi nitamvulia kofia kabla ya yule anayejenga ghorofa kumi.

Watakufundisha hesabu za kila kitu, nguvu ya udongo, uzito wa maji. Hizo sizijui, na nitakuomba unieleze ukirudi, polepole, maana nina hamu nazo kweli. Kuna kimoja tu nilichojua mimi ambacho sina hakika kama kinaandikwa. Ukuta wangu haukuanguka kwa kukosa elimu. Mimi nilijua, na patroni nilimwambia. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ya chini, nikacheka. Siku moja utakuwa na kofia yako nyeupe, na mtu mwenye heshima, mwenye wageni njiani, atakuomba uzibe kitu kwa siku moja tu. Ombi litakuwa la upole. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na ningependa upite hapo ukinikumbuka.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya swali lako la mezani.

Nililala siku nne bila usingizi wa maana. Nilikuona darasani, mwaka wa pili, mwalimu anaeleza kwa nini kuta huanguka, nawe unainua mkono kusimulia habari za mvua na baba yako. Halafu unashusha mkono polepole, kwa sababu umeelewa mwenyewe, huko mbali, bila mimi. Sikutaka ulijue kutoka ubaoni. Lakini nikaona pia siwezi kukueleza wewe kabla ya yeye. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza.

Nikaanza kuulizia. Watu wa Uvira wanajuana. Wa kwanza akanipeleka kwa wa pili, wa pili akaniambia Mama Furaha yuko Kajaga, kando ya ziwa, anauza ndagala. Nikapanda teksi asubuhi nikaenda. Kajaga nako ziwa limepanda, kuna nyumba zimesimama ndani ya maji mpaka madirishani, na wavuvi wanafunga mitumbwi pale palipokuwa na baa. Nilimkuta pembezoni, anatandaza samaki juu ya wavu. Amezeeka kidogo. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Kapita! Unatafuta ndagala mpaka huku?"

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema, tena nikiwa nimesimama: wakwe, chokaa, vibomba kumi na viwili, na lile neno nililolisema mbele ya shefu. Hakunikatiza. Alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja, na nilipomaliza aliendelea kugeuza. Kisha akasema, "Rudilia."

Nikarudia yote.

"Kwa hiyo haikukuwa jembe yangu."

"Apana. Haikukuwa jembe."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kapita, unajua toka ile siku sijapanda hata lengalenga moja? Nikiona jembe, mukono inatetemeka. Nilisema mi njo nilitaka kuua batoto yangu sababu ya mboga."

Nilikuwa nimejiandaa atukane. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia, Keza, kati ya wavuvi, na sijui kulia vizuri, nilitoa sauti kama gari lisilotaka kuwaka. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kwa nini nimekuja leo, baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia binti yangu anakwenda kusomea kuta, na ameniuliza.

"Mi njo nilikuuliza wa kwanza, mbele yake," akasema.

Hakusema amenisamehe. Alisema yale maneno hayamtoshi yeye peke yake, watoto wake walikua wakijua kwamba mama yao aliangusha ukuta. Niende Jumapili niyaseme mbele yao. Nikaenda. Wote watatu walikuwepo, wakubwa sasa, Furaha mwenyewe ana mtoto mgongoni. Yule aliyekuwa na homa siku ile ana ndevu. Nikasimama sebuleni nikasema tena, mara ya tatu, na mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Furaha alitoka nje. Nikadhani amekasirika anaondoka, na ningemwelewa. Akarudi na jembe, akaniwekea mikononi.

"Haya, Papa Keza. Sasa lima."

Nikalima. Nyuma ya nyumba yao, mahali palipoinuka, mbali na ziwa na mbali na ukuta wowote, nililima matuta manne huku familia nzima imekaa kwenye viti inanitazama na yule mwenye ndevu akinielekeza kwamba mstari umepinda. Umepinda! Mimi niliyeshika timazi miaka ishirini. Wakaanza kucheka, na katikati ya kucheka Mama Furaha aliinuka, akaja akachukua mbegu, akainama akapanda mwenyewe. Mkono wake haukutetemeka. Niliutazama kuliko nilivyowahi kutazama pimamaji. Hicho ndicho kilichonichubua viganja, na mgongo bado unanidai.

Kesho yake nilikwenda kwa yule shefu, mzee sasa, nikamwambia kwamba halikuwa jembe. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi, ila kapita alikuwa amesema. Nikaondoka pale mwepesi. Sijui kama ni neno la kikristo, lakini nilikuwa na raha. Nilitembea kwa miguu toka kule juu mpaka Bwiza. Nilipopita kona ya Kiriri nilisimama chini ya ule ukuta mpya, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na vibomba vyote ishirini na vinne vilikuwa vinatiririka, vimechora uso mzima kwa michirizi ya kahawia. Mbaya kabisa. Nilikaa nikautazama mpaka mlinzi wa nyumba akanishuku.

Nilimwambia mama yako siku ile ile. Akasema sasa ameelewa kwa nini kila mvua kubwa ikinyesha naamka kufungua mlango. Jana ilinyesha usiku kucha, wewe ulikuwa unapanga sanduku, na mimi sikusikia kitu. Nililala mpaka mama yako akanivuta mguu.

Utafika mpakani ukiwa umenikasirikia kidogo. Ni haki yako, usijilazimishe kumaliza haraka. Wito wako ni wa kweli hata kama ile mvua haikuwa. Nilikuwa naogopa kwamba nikikuambia utaukosa. Sasa nadhani utaushika vizuri zaidi, kwa sababu unajua ukuta ulianguka kwa nini. Kama nimekosea hata hapo, niandikie uniambie, bila kuzunguka.

Nasikia sauti ya shangazi yako barabarani, kumbe amewasindikiza mpaka huku, Mungu atusaidie. Nimalizie haraka lile swali la tatu.

Zile lengalenga ulizopakua mara mbili leo mchana, ukamwagia mchuzi wote ukasema za sokoni haziko hivi, ni mavuno ya kwanza ya yale matuta manne. Mama Furaha alizileta mwenyewe asubuhi, wewe ukiwa bado umelala. Nilitaka nikuamshe nikueleze pale pale mlangoni, mbele yake, nimalize. Akanishika mkono akanizuia.

"Apana, Kapita. Umuache akule kwanza."

Papa yako